Bibi Arusi wa Nchi ya Majani ya Chai

Mtu asafiriye kwa motokaa kutoka Kericho kupita Litein mpaka Bomet, siku ya Jumamosi katika mwezi wa Desemba, hakosi kukutana na msafara wa arusi. Magari yamefungwa utepe, vijana wanaimba madirishani, na bibi arusi mwenye shela nyeupe ameketi nyuma akitazama mashamba ya chai yaliyoenea kijani pande zote za barabara. Ni jambo la kupendeza sana. Lakini kila nionapo msafara wa namna hiyo, mimi huuliza moyoni mwangu swali la shangazi: je, deni la leo litakwisha lini?

Nauliza hivyo kwa sababu mwaka wa 2023 nilikuwa katika kamati ya arusi ya binti wa kaka yangu, na yaliyotupata yaweza kuwafaa wasomaji wenye mabinti.

Wale wasiokaa katika nchi yetu pengine hawajui jinsi fedha ya chai inavyoingia. Mkulima mdogo huchuma majani mawili na chipukizi moja, huyapeleka kituoni, hupimiwa kwa kilo, na kila mwezi hulipwa sehemu ya kwanza ya bei yake. Viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika lililoanzishwa mwaka wa 1964 kwa ajili ya wakulima wadogo, hufunga hesabu ya mwaka mwishoni mwa Juni. Baada ya mauzo kujumlishwa huja malipo ya pili, ambayo sisi sote twayaita bonasi, yapata Septemba au Oktoba. Kwa hiyo katika Kericho na Bomet karo, mabati na arusi zote hungoja bonasi. Na bonasi haina ahadi. Mbolea iliyochukuliwa kwa mkopo hukatwa humo, na kwa kawaida sisi wa upande wa magharibi wa Bonde la Ufa hulipwa kidogo kuliko wenzetu wa upande wa Mlima Kenya, jambo ambalo wakulima wetu wamelilalamikia mara nyingi.

Kamati yetu ilikutana mwezi wa Juni, yaani kabla mtu yeyote hajajua bonasi itakuwa kiasi gani. Mwandishi wa kamati, kijana mwenye mwandiko mzuri na ulimi wa haraka, akasoma bajeti: mahema, viti vya kufunikwa vitambaa, magari manane ya rangi moja, keki ya orofa tano, mpiga picha na chombo chake cha kuruka angani, gauni kutoka Nairobi. Jumla ikawa shilingi 640,000. Kaka yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba ataomba mkopo katika chama cha akiba, na bonasi italipa. Wanakamati wakapiga makofi. Mimi sikupiga, wala bibi arusi mwenyewe hakupiga, ingawa siku hiyo hakuna aliyemtazama.

Jioni alinifuata jikoni akaniambia, "Shangazi, mimi nafanya kazi ya karani. Naziona karatasi za wakulima kila siku. Najua jinsi mtu anavyofika mwezi wa Oktoba akaambiwa kwamba bonasi yake yote imekwenda kwenye deni. Mwambie baba." Nikamjibu kwamba akamwambie mwenyewe, kwa kuwa arusi ni yake. Akasema hawezi, kwani baba yake ataona aibu. Basi nikaenda mimi. Kazi ya shangazi haina mshahara.

Mwezi wa Agosti mvua ya mawe ilianguka mara mbili kwa juma moja. Nchi ya Kericho inajulikana hata na wataalamu wa hali ya hewa wa mbali kwa wingi wa mvua hiyo, na mkulima wa chai ndiye aijuaye zaidi, maana majani hupasuka kama kitambaa, na huchukua majuma kadhaa kabla hajapata cha kuchuma tena. Baada ya siku hizo mbili kaka yangu alirudisha fomu ya mkopo ikiwa haijajazwa. Bajeti ikashuka hadi shilingi 210,000, na hapo ndipo tulipoanza kufikiri vizuri.

Tulianza na gauni. Wengi wetu twadhani kwamba bila gauni jeupe hakuna arusi ya heshima. Lakini hata huko Ulaya wanawake wengi walikuwa wakiolewa kwa nguo ya rangi yoyote, iliyo bora kuliko zote walizokuwa nazo, nao huendelea kuivaa Jumapili kwa miaka mingi. Rangi nyeupe ilipata nguvu baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa nayo mwezi wa Februari, 1840. Na Elizabeth, aliyekuja kuwa Malkia, alipoolewa mwaka wa 1947, nguo katika Uingereza zilikuwa bado zikigawiwa kwa kuponi kwa ajili ya taabu ya vita, naye alitumia kuponi kwa gauni lake. Kama binti wa mfalme aliweza kuhesabu kuponi, binti wa mkulima aweza kuhesabu shilingi.

Bibi zetu wa Kipsigis walivaa ngozi iliyolainishwa kwa mafuta na kupambwa kwa shanga na kauri. Ngozi yenyewe leo ni haba, na kwa kweli ni nzito. Mafundi wa siku hizi hushona kitambaa kizito cha rangi ya kahawia kinachofanana na ngozi, wakatia shanga kifuani, kiunoni na kwenye pindo, pamoja na ukanda wa shanga wa kichwani. Nguo ya namna hiyo huvaliwa siku ya koito na watu wengi, na nimeona sasa mabibi arusi wakiivaa pia jioni ya arusi yenyewe. Binti yetu alikodi gauni jeupe kwa siku moja, jepesi, lisilo na mkia wa kuburuta. Kwa habari ya mkia nawasihi wasomaji: udongo wetu mwekundu hauna adabu, na ukishaingia katika kitambaa cheupe, mwenye duka atadai fidia. Nguo ya kahawia aliinunua kabisa, na shanga za shingoni alizishona mama yake mzazi kwa miezi minne, usiku, baada ya kuchuma chai. Wageni waliisahau keki, lakini shanga zile wanaziuliza mpaka leo.

Siku ya koito ndiyo yenye uzito kuliko zote, nayo haifai kupangwa kama nyongeza. Siku hiyo jamaa za kijana hufika nyumbani kwa binti, wazee wa pande mbili hukaa wakielekeana, na msemaji wa wageni huulizwa wamekuja kutafuta nini, kana kwamba hakuna ajuaye. Kabla ya ng'ombe kutajwa, mambo mawili huulizwa. La kwanza ni ukoo. Watu wa ukoo mmoja hawaoani. La pili ni rika, kwa sababu katika desturi yetu mwanamume haoi binti wa mtu wa rika lake mwenyewe. Huyo ni kama binti yake. Niliwahi kuhudhuria koito iliyovunjika saa sita mchana, sufuria zikiwa zimekwisha iva, kwa kuwa vijana walikutana mjini na hakuna aliyekumbuka kuuliza ukoo mapema. Yule binti alilia sana, na haki ilikuwa yake, maana watu wazima ndio waliozembea. Basi swali hilo na liulizwe mwanzo kabisa, kabla hata ya kadi kupigwa chapa.

Mambo ya chakula hayakutusumbua. Ugali wa wimbi, nyama, mboga, na mursik iliyokaa vizuri katika vibuyu vilivyosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet. Anayetaka mursik nyingi na azungumze na wanawake wa kijiji majuma mawili kabla, kwani maziwa hayakubali kuharakishwa kwa ajili ya kamati.

Zamani sherehe yenyewe ilifanyika penye mabwaita, ile madhabahu ya matawi iliyosimamishwa nje ya nyumba, na bibi na bwana arusi walifungana mikononi majani ya segutiet. Jani hilo ndilo lililokuwa pete yetu. Katika arusi ya binti yetu mchungaji hakuona ubaya, na baada ya ibada, nyumbani, bibi mzaa baba aliwafunga wote wawili segutiet mbele ya watu. Gharama yake ilikuwa ni kumtuma mtoto malishoni. Zamani pia binti hakuolewa ila ametahiriwa. Jambo hilo lilikatazwa na sheria ya mwaka wa 2011, na bibi arusi yeyote akiambiwa na jamaa kwamba bado anadaiwa hilo, ajue kwamba hadaiwi kitu.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kamati nyingi hulisahau, nalo ni karatasi. Sheria ya Ndoa ya mwaka wa 2014 inataka kila mmoja awe ametimiza miaka 18. Kwa arusi ya kanisani au ya serikali, notisi itolewe siku zisizopungua 21 kabla. Ndoa ya kimila nayo yatambuliwa, na kuanzia mwezi wa Agosti, 2017, yaandikishwa kama nyingine: wenye ndoa humwarifu Msajili katika miezi mitatu baada ya sherehe kukamilika, na huomba cheti kabla ya miezi sita kupita. Mahari yote haihitaji kuwa imekwisha lipwa. Sehemu yake yatosha kuthibitisha. Lakini bibi arusi na aelewe tofauti moja kubwa. Ndoa ya Kikristo na ya serikali ni ya mke mmoja. Ndoa ya kimila huhesabiwa na sheria kuwa ni ya wake wengi, au kwamba yaweza kuwa hivyo, ingawa mume mwenye mke mmoja na mkewe waweza baadaye kutangaza mbele ya Msajili kwamba wanaigeuza kuwa ya mke mmoja. Mambo haya yaulizwe wakati wa mapenzi, si wakati wa ugomvi. Jirani yangu mmoja alifanyiwa koito kubwa ambayo kijiji kizima kilikula. Mumewe alipofariki, alizunguka miaka miwili kutafuta watu wa kuthibitisha kwamba aliolewa, na wazee wawili waliopokea ng'ombe walikuwa wamekwisha kufa.

Kuhusu saa, mvua ya kwetu hupenda alasiri. Hata katika Desemba na Januari, ambayo ni miezi yenye nafuu, ibada na ianze saa nne asubuhi na picha zipigwe kabla ya chakula. Wengi hupenda kupiga picha katikati ya chai. Katika mashamba ya kampuni omba ruhusa kwanza, na usiwaruhusu wasimamizi wa bibi arusi kupanda juu ya miti ya chai, kwani ni mali ya mtu. Wengine huenda bustani ya miti ya Chagaik nje ya mji wa Kericho, au husimama mbele ya Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, lililofunguliwa mwaka wa 2015, ambalo paa lake refu la vigae hupendeza sana likiwa nyuma ya watu wawili.

Maua hatukununua. Mti wa chai unaochumwa kila juma hukatwa mfupi na ni nadra kutoa maua, lakini ile iliyoachwa pembezoni mwa shamba hurefuka, nayo hutoa maua madogo meupe yenye unga wa manjano katikati. Watoto waliyakusanya asubuhi ile yakiwa na umande, na hayo ndiyo aliyoshika mkononi.

Mvua ilianza saa tisa, tulipokuwa tukimpeleka kwa wakwe zake. Wazee husimulia kwamba bibi arusi wa Kipsigis hakuingia nyumba ya mumewe upesi. Alisimama mlangoni mpaka aahidiwe mnyama. Binti yetu alivua viatu, akasimama kizingitini katika matope na nguo yake ya kahawia, akakataa kuingia. Watu wakacheka. Baba mkwe akataja mtamba. Akasimama. Bwana arusi akataja kondoo. Bado akasimama, na mvua inamnyeshea. Ndipo mama mkwe akatoka mwenyewe, akamwuliza kwa sauti ndogo anataka nini. Akasema, "Mama, nataka mistari ya chai, na namba yangu mwenyewe kituoni."

Kicheko kikakoma. Wasomaji wanajua kwamba katika nyumba nyingi mwanamke ndiye achumaye, na namba ya mkulima ni ya mwanamume, kwa hiyo fedha huja kwa jina lake. Mama mkwe alimtazama mumewe. Yule mzee akafikiri kwa muda ambao mimi niliuona mrefu sana, kisha akanyosha fimbo yake kuelekea bondeni akaonyesha mistari sita iliyo karibu na mto. Binti akainama, akaingia ndani.

Mwezi wa Machi alinipigia simu. Namba imetoka, na siku ya kwanza alipimiwa kilo kumi na moja.