Wewe na Mtu Wako Majuu, na Si Lazima Paris

Kila kapo ya Nairo ikishika ganji ya kwenda majuu, plan huwa ni moja: Paris, Amsterdam, Barcelona, Roma, zote kwa siku kumi, na picha mbele ya Eiffel kabla simu izime chaji. Sisemi ni mbaya. Nasema ni job. Unaamka saa kumi na moja asubuhi kuwahi treni, unapanga laini masaa mawili kucheki kitu umeshacheki kwa simu mara elfu, jioni miguu imefura na mtu wako amenuna ju uliahidi dinner ya maana na sahii mnamanga baga ya stesheni. Na bado utatozwa kushinda wenyewe: tangu Januari 2026, mgeni asiye wa zile nchi zao za Ulaya anaingia Louvre na euro 32, wao wakilipa 22. Venice nayo ilianza 2024 kuwatoza wale wa kuja asubuhi na kuhepa jioni. Hizo siku za kutozwa ni euro 5, na 2025 wakaongeza kwamba ukichelewa kubuki ni 10. Wasee wa huko wamechoka na wageni, na hawafichi.

Form yangu ni hii: chukueni kona moja ya Ulaya, muikalie mpaka muizoee. Kona naipigia debe ni pale Italia inaishia na Slovenia inaanzia. Mnaanza Trieste, mnapitia Gorizia, mnalala kando ya ziwa Bohinj, mnamalizia Ljubljana. Viza ni moja, doo ni euro pande zote mbili, na usafiri ni treni, basi na miguu. Hakuna ndege za katikati za kubishana na mizigo.

Lakini kabla ya ziwa kuna ubalozi, na hapa ndio makapo wengi huchapwa. Watu huanza na hoteli kumbe walifaa kuanza na swali moja: tutalala wapi usiku mingi? Sheria ya Schengen iko wazi. Unaomba viza kwa nchi yenye utakaa siku nyingi zaidi, na zikitoshana, ile ya kwanza kuingia. Italia iko na ubalozi hapa Nairobi, so mkiipa Trieste usiku mingi, makaratasi yenu ni ya Italia, kwisha. Na iwe ni ukweli, si story za jaba. Ukisema Italia alafu hoteli zote ziwe za kwingine, mtu wa dirishani anajua kuhesabu.

Fomu inaingia mapema hadi miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15. Siku 15 ndio muda wa kawaida wa jibu, lakini wanaweza kuvuta hadi 45, so usijipee hope. Ada ni euro 90 kwa kila mtu tangu Juni 2024. Nyinyi wawili ni 180, ukipiga na 150 ni karibu thao 27, na hapo bado hujaongeza ada ya ofisi yenye inapokea makaratasi. Ukinyimwa, hiyo doo hairudi. Pasipoti iwe imebaki na angalau miezi 3 baada ya siku mnatoka huko, na kurasa mbili safi. Bima ya safari isipungue euro 30,000, iwe inashughulikia hospitali mpaka kurudishwa nyumbani. Tiketi ya ndege usilipe kabla ya viza, buki tu ya kuonyesha. Hoteli chagua zile unaweza futa bila kukatwa.

Stetimenti za benki ndio mtihani. Ka hustle yako yote inaishia kwa simu, anza kuipitisha benki miezi kadhaa kabla, pole pole, ionekane inaingia na kutoka ka doo ya mtu mzima. Ile laki tatu ya kukopwa kwa mbuyu wiki moja kabla ya miadi wanaiona, na inanuka mbali.

Haya, tuseme imetoka. Shukeni Venice, ju ndege za kupitia Istanbul zinatua huko, alafu msiingie mjini. Chukueni treni mpaka Trieste, masaa mawili hivi. Kaeni upande wa kulia, kuelekea mwisho bahari inatokea chini ya reli ghafla.

Trieste ni mji umechanganyikiwa kwa njia poa. Ulikuwa bandari kubwa ya Austria mpaka vita vya kwanza vilipoisha 1918, so majengo ni ya Vienna, lugha ni Kiitaliano, na jina la jirani kwa mlango ni la Kislovenia. Square yake kubwa, Piazza Unità d'Italia, iko na majumba pande tatu, ya nne ni maji. Jioni watu wanatembea tu hapo, hawauzi kitu, hawakuiti. Wageni wako, lakini si ile fujo ya Venice.

Huku kahawa ni dini. Illy ilianzishwa hapa 1933, na bandari hii imepitisha magunia ya kahawa ya dunia miaka na mikaka. Sisi tunaotoka kwenye kahawa inamea tunakunywa majani, lakini hiyo tuiache. Ingieni Caffè San Marco, ilifunguliwa 1914 na ndani kuna duka la vitabu. Msiitishe vile mmezoea. Mkitaka nyeusi fupi mnasema "nero". Mkitaka ile yenye maziwa kidogo juu, ndani ya kigilasi, mnasema "capo in b", na unaletewa bila swali la pili. Kunyweni mkiwa mmesimama kwa kaunta, meza huwa na bei yake.

Hapa kuna story ya kapo naipenda. 1904, chali mmoja wa Dublin, James Joyce, alitoroka na manzi wake Nora Barnacle. Hawakuwa wameoana, hawakuwa na kitu. Wakaangukia pande hizi, yeye akafunza Kizungu ndio wamange, na aliposota akamkopa bro yake Stanislaus, tena na tena. Watoto wote wawili walizaliwa Trieste. Akaanza kuandika Ulysses hapo hapo. Harusi? 1931. Miaka 27 ya kam-wi-stei, na leo mji umemwekea sanamu ya shaba, anatembea kwa daraja la Ponterosso na kofia yake. Shangazi yako akianza kuuliza barua ya mahari iko wapi, sasa uko na mfano.

Sasa bichi. Kuna moja ndani ya town inaitwa El Pedocin. Katikati kuna ukuta mweupe, mrefu kupita mtu, umeshuka mpaka kwa maji. Madame na watoto upande huu, maboyz upande ule. Ukuta uliwekwa enzi za Austria na bado umesimama, na si ati serikali imekataa kuutoa. Wenyewe wanautaka. Mathe wa Trieste wanakuja na viti vyao na sandwichi, wanalala juani bila kuvuta tumbo ndani, wanasema mambo yao. Kuingia ni kitu ka euro moja. Najua unauliza, sasa safari ya kapo tunaenda kutenganishwa na ukuta? Eeh. Mmelala chumba kimoja, mmekula meza moja, mmebeba begi moja tangu JKIA. Masaa matatu kila mtu kivyake, alafu mkutane lunch kila mtu na udaku wake. Naona hiyo ni bei poa ya amani. Mkikataa kutengana, kuna Barcola, kando ya barabara ya kwenda kasri la Miramare. Huko watu wanatandika taulo kwa simiti na kuruka majini, bure.

Kitu ya pili ya kutopitwa iko juu ya mlima nyuma ya mji, wanaita Karst. Wakulima wa huko wako na haki ya zamani, tangu 1784 kwa amri ya mfalme wa Austria, ya kuuza vyakula vyao wenyewe nyumbani kwa siku chache za mwaka. Nyumba hizo zinaitwa osmiza. Hakuna bango la taa. Unaona tawi la majani limening'inizwa njia panda na mshale wa mbao, unafuata. Unafika kwa uwanja wa mtu, meza za mbao chini ya mti, na menyu ni kile wamefuga na kupanda: nyama baridi ya kukatwa kisu, jibini, mayai ya kuchemsha, mkate, wain ya kupimwa kwa jagi. Nyama nyingi ni nguruwe, so ka wewe hugusi, sema mapema na ujaze mayai na jibini. Hazifungui zote siku moja, kwa hivyo uliza hotelini asubuhi ni gani iko wazi. Bajeti yenu itawashukuru, ju mtashiba hapo kwa doo ya starter za Roma.

Kutoka Trieste treni ya Gorizia haifiki saa moja. Hii Gorizia ni mji uliopasuliwa. Baada ya vita vya pili, 1947, laini ya mpaka ilipita kando yake, stesheni ya kaskazini ikabaki Yugoslavia, na wale wa ng'ambo wakajenga mji wao mpya, Nova Gorica. Mbele ya hiyo stesheni kulikuwa na ua wa kugawa watu. Ulitolewa 2004, Slovenia ilipoingia Umoja wa Ulaya. Leo ni square tu, na alama ya chuma chini mahali mpaka unapita. Kila kapo inasimama mmoja Italia, mwingine Slovenia, wanapigwa picha. Hiyo pigeni. Ni ya utalii, lakini sisi tumekulia story za kushinda Busia na Namanga na makaratasi mkononi, tunaielewa zaidi ya Mjerumani. Ila pasipoti zikae mfukoni. Italia ilirudisha ukaguzi wa mpaka huo Oktoba 2023, na usishangae karao wa treni akianza na nyinyi wawili.

Kwa stesheni hiyo hiyo ya Nova Gorica ndio mnapanda treni ya kwenda Bohinj. Reli ya Bohinj ilifunguliwa 1906, na aliyekuja kuifungua ni Franz Ferdinand, yule yule ambaye kuuawa kwake Sarajevo 1914 kuliwasha vita. Dakika chache tu ukitoka unavuka daraja la Solkan. Upinde wake wa mawe una mita 85, na kwa madaraja ya reli ya mawe duniani hakuna unaoushinda. Ulilipuliwa kwa vita vya kwanza na ukajengwa upya. Chini ni mto Soča, rangi ya kijani ile utadhani mtu ameedit. Treni yenyewe ni mzee, polepole, inasimama vijiji vya watu watatu. Saa moja na kitu baadaye inaingia handaki la zaidi ya kilomita 6, giza tupu, na ukitokea ng'ambo uko Bohinjska Bistrica. Basi inawamalizia mpaka ziwani.

Wageni wote wa Slovenia wanakimbilia ziwa Bled, ju ya kile kisiwa chenye kanisa. Bohinj liko chini ya kilomita 30 kutoka hapo, na ni kubwa kushinda. Liko ndani ya hifadhi ya Triglav, hakuna boti za petroli, milima imelizunguka na maji unaona mawe chini. Hapa kaeni siku mbili bila plan. Kodisheni kayaki. Asubuhi moja pandeni maporomoko ya Savica, mita 78. Ngazi zinapita mia tano, na yule alisema ako fiti ndio atapumzika mara nyingi. Jioni itisheni mohant, jibini ya huko, inanuka ka soksi za makanga saa nne usiku lakini na viazi moto inaingia tu. Mnaweza kuwa weusi pekee kwa basi nzima. Watu wanaangalia kidogo, alafu mzee mmoja anasema "dober dan", mnajibu, inaisha.

Ljubljana ipigieni hesabu ya Ijumaa. Kuanzia katikati ya Machi mpaka Oktoba, mvua ikikosa, wapishi wa mji wanatoka na majiko kwa soko la katikati, wanaita Odprta kuhna, na unakula kwa kusimama hapa na pale. Katikati ya mji hakuna magari. Usiku mmoja au mbili zinatosha, na rudini nyumbani kutokea hapo hapo, kuna ndege za Istanbul, msirudi Venice bure. Msimu wa maana ni Juni mapema au Septemba. Agosti Waitaliano wote wako likizo na nyumba zimepanda bei. Winter Trieste ina upepo wao unaitwa bora, unapita kilomita 100 kwa saa, na wigi za huku hazijajaribiwa.

Kitu ya mwisho ni ya kuongea kabla hata mjaze fomu, na wengi huiruka. Ka hamjaoana kwa karatasi, ubalozi hauoni kapo. Unaona watu wawili, kila mmoja na fomu yake, kazi yake, stetimenti zake, na sababu yake ya kurudi Kenya. Mmoja akimlipia mwingine, anaandika barua na kuambatisha ushahidi wa doo yake. Na kila fomu inaamuliwa kivyake, maanake inaweza kutokea yako itoke na ya mtu wako ikataliwe. Muamue mapema mkiwa bado mnacheka: itakuwa wote tunabaki, ama mwenye amepata anaenda? Usimuulize hiyo swali siku majibu yametoka, mkiwa mmesimama kwa parking, bahasha moja ni nono na nyingine iko na barua ya kukataliwa.