Mpira, kuni na sindano ya insulini

Ndugu wazazi, kijana anayechoma insulini si wa kufungiwa ndani. Acheni acheze mpira na wenzake. Ila mjue: misuli ikifanya kazi inakula sukari ya damu, na insulini nayo inaishusha. Kuchota maji, kuchanja kuni na kulima ni mazoezi vilevile.

Kipimo kikiwepo, apimwe kabla. Akiwa chini ya 5 (mashine nyingine huandika 90), ale kwanza. Asichome pajani halafu akakimbia. Mfukoni awe na sukari.

Akitetemeka, akitoka jasho baridi au akiongea ovyo, msiseme amelewa au amepandisha mashetani. Apumzike, anywe maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari. Dakika 15 zikipita bila nafuu, rudieni. Kisha ale chakula. Akizimia, msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni zahanati.

Sukari huweza kushuka hata usiku baada ya mchezo, kwa hiyo asilale njaa. Posho ikipungua nyumbani, msikatishe insulini wenyewe: mwambieni daktari mapema, awapangie dozi.