Kijiti cha Ufizini na Tone la Damu



Tangu Kenya ilipozindua huduma ya kujipima virusi vya UKIMWI mwaka 2017, kijiti cha kupimia kimeingia hata katika mazungumzo ya posa. Yafaa familia zijue kijiti hicho husema nini.

Kijiti hakitafuti virusi mateni. Hupitishwa mara moja juu ya ufizi wa juu na mara moja wa chini, kikakusanya kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda dhidi ya virusi. Basi asidhaniwe mgonjwa ana sumu kinywani. Kula naye sinia moja hakuambukizi. Kisha hutiwa katika kichupa cha maji ya dawa, na majibu husomwa kati ya dakika 20 na 40. Mtu asile wala asinywe kwa dakika 15 kabla. Akiwa amepiga mswaki, angoje dakika 30. Kwa aliyefunga, kijiti hakifunguzi maadamu hakuna kilichomezwa.

Kijiti hakina maumivu, na humsitiri mtu nyumbani mwake. Lakini kingamwili za ufizini ni chache kuliko za damuni, hivyo huweza kumkosa ambaye damu ingemdhihirisha. Aliyeambukizwa karibuni hurudia kipimo baada ya miezi 3. Anayetumia dawa za virusi hivyo asikitegemee. Mtoto wa chini ya miezi 18 naye hubeba kingamwili za mamaye. Kwake damu hukaushwa juu ya karatasi, ikapelekwa maabara kutafutwa virusi vyenyewe.

Magharibi mwa Kenya, ambako Chuo Kikuu cha Moi, hospitali yake ya rufaa na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani walianzisha mpango wa AMPATH mwaka 2001, wahudumu walipita nyumba kwa nyumba wakipima damu ya kidole. Kipimo kiliingia nyumbani pamoja na mshauri. Kijiti huingia peke yake, na hapo ndipo penye hatari.

Mistari miwili si hukumu. Ni wito wa kwenda kliniki kuthibitisha kwa damu. Posa isivunjwe wala talaka isitamkwe kwa kijiti. Tena sheria ya Kenya ya mwaka 2006 yakataza kumlazimisha mtu apimwe kama sharti la ndoa. Wachumba wakubaliane kwa hiari, waende kliniki pamoja na jamaa zao, na siri ibaki siri.