Tairi likaalo vizuri gereji, likasugua Lukumburu

GARI dogo lililofungwa matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani huweza kutoka gereji mjini Songea bila kasoro yoyote na kufika Madaba, umbali wa zaidi ya kilomita 100, kimya kabisa. Kelele huanza siku linapopakiwa magunia ya mahindi na kuelekea Njombe kupitia kona za Lukumburu.

Ni mkwaruzo unaokuja na kupotea, wakati mwingine ukifuatana na harufu ya mpira unaoungua. Wamiliki wengi hudhani ni beringi ya gurudumu, na wapo wanaonunua beringi mpya pasipo sababu. Beringi iliyochoka huvuma hata barabara ikiwa imenyooka, na huzidi kuvuma kadiri mwendo unavyoongezeka. Tairi linalosugua hulalamika usukani unapokatwa, gari linapovuka tuta au linapodidimia shimoni.

Sababu ya kubadili saizi inaeleweka. Lami ya Makambako hadi Songea inapita Madaba, lakini anayeelekea vijijini, kwa mfano Ifinga, hukutana na udongo ambao msimu wa mvua hugeuka tope. Mwenye gari hutaka linyanyuke. Wengine hukosa tu saizi yao dukani na kuuziwa inayokaribiana.

Tofauti hiyo husomeka ubavuni mwa tairi. Katika maandishi 195/65R15, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kama asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hesabu hiyo, tairi zima lina kipenyo cha takribani milimita 634. Likibadilishwa kwa 215/65R15, kipenyo kinafikia milimita 660, yaani ongezeko la asilimia 4, wakati kawaida inayofuatwa na mafundi wengi duniani ni kutozidi asilimia 3.

Gari hapo limenyanyuka kwa milimita 13 tu, unene wa kidole. Faida hiyo ni ndogo mno kwa tope la Ifinga. Hata hivyo, milimita hizo 13 zimeondolewa pia katika nafasi iliyo juu ya tairi, ndani ya madigadi, na upande wa ndani tairi limesogea karibu milimita 10 kuelekea shokomzoba.

Gari likiwa tupu, nafasi iliyobaki hutosha. Likipakiwa, springi hubonyea na bodi hushuka juu ya magurudumu. Kwenye kona, uzito wote huegemea upande mmoja. Springi zikiwa zimechoka, kama ilivyo kwa magari mengi yaliyotumika, hali huwa mbaya zaidi.

Kinacholika kwanza ni plastiki ya ndani ya madigadi, na hasara yake si kubwa. Hatari iko kwa tairi lenyewe, ambalo ubavu wake ukikatwa hadi nyuzi kuonekana huweza kupasuka, na kwa mpira wa breki, unaopita karibu na gurudumu la mbele. Mpira huo ukitoboka, mafuta ya breki humwagika, na aliye mteremkoni na mzigo ndiye atakayehitaji breki hizo kuliko mtu yeyote.

Baadhi ya mafundi hukata plastiki hiyo au kukunja ukingo wa madigadi. Kukata huacha nyaya wazi kwa tope na mawe. Wengine hufunga spesa kati ya rimu na kitovu ili tairi lisogee nje. Linaachana na shokomzoba, likaenda kugonga ukingo wa madigadi. Tiba ya kweli ni kurudisha saizi inayolifaa gari, ingawa haimfurahishi aliyekwisha kulipia matairi manne.

Ambaye hajalipa anaweza kuomba yafungwe mawili ya mbele kwanza, usukani ukatwe hadi mwisho pande zote mbili watu wanne wakiwa ndani, kisha gari livushwe tuta polepole. Mistari ya chaki ikichorwa ubavuni na begani mwa tairi, itakapofutika ndipo panapogusa. Kwa magari yanayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, mawili hayo yasiachwe na mengine ya saizi tofauti, kwani gia huumia.

Saizi sahihi imeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika fremu ya mlango wa dereva. Kwa magari yaliyotoka Japani maneno huwa ya Kijapani, lakini namba za tairi zinasomeka vilevile. Pembeni yake huonyeshwa upepo kwa kilopaskali: 220 ni sawa na 32 katika kipimo cha PSI kinachotumika kwenye pampu nyingi.