Tiba ya Viungo kwa Mkazi wa Maganzo: Kumchagua Mtaalamu na Kuitumia Miadi ya Simu

Mji mdogo wa Maganzo, wilayani Kishapu, umekua kandokando ya barabara kuu itokayo Shinyanga kwenda Mwanza, jirani na Mwadui, mahali ambapo mwanajiolojia John Williamson aligundua almasi mwaka 1940. Wakazi wake wengi huishi kwa nguvu za mwili. Wapo wanaochimba kwa sururu na koleo, wanaochekecha mchanga wakiwa wameinama tangu asubuhi hadi jioni, wanaobeba viroba, wanaolima pamba na mtama, na wanaoendesha bodaboda. Wengine huenda kutafuta dhahabu Kahama na Geita, kisha hurejea nyumbani. Si ajabu, basi, kwamba katika maeneo ya namna hii watu husumbuliwa na maumivu ya mgongo, magoti na mabega, pamoja na udhaifu unaobaki baada ya kuvunjika mfupa au kupatwa na kiharusi.

Aghalabu mtu mwenye shida kama hizo huuliza: "Dawa yake ni ipi?" Makala haya yanapendekeza swali jingine litangulie: "Niende kwa nani, na je, nitaweza kurudi kwake?" Nusu ya pili ya swali hilo ndiyo husahaulika. Tiba ya viungo, yaani fiziotherapia, haifanani na sindano ichomwayo mara moja. Hufanya kazi kwa kurudiwa: zoezi hufundishwa, hufanywa nyumbani kila siku, hukaguliwa, kisha huongezwa uzito. Mtaalamu hodari aliye mbali, ambaye mgonjwa humwona mara moja tu kwa sababu nauli imekwisha, huenda akamsaidia kidogo kuliko mtaalamu wa kawaida anayefikika kila baada ya wiki chache.

Kwanza, kijulikane chanzo cha maumivu

Maumivu mengi ya mgongo hayatokani na ugonjwa wa hatari. Mengi hupungua katika muda wa wiki chache iwapo mgonjwa ataendelea kutembea na kufanya kazi nyepesi. Kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha misuli na kuchelewesha kupona. Hata hivyo, zipo dalili ambazo haziruhusu mtu kuanza mazoezi wala kukandwa kabla ya kuonana na daktari:

– ganzi katikati ya mapaja, kushindwa kuzuia au kutoa mkojo au choo, au miguu kulegea. Hii ni dharura, na mgonjwa afikishwe hospitalini siku hiyohiyo;
– maumivu makali baada ya kuanguka shimoni, kufukiwa na kifusi au kupata ajali ya pikipiki;
– maumivu yanayoambatana na homa, jasho la usiku, kukonda, au kikohozi cha wiki mbili au zaidi;
– mdomo kwenda upande, mkono kulegea ghafla au ulimi kuwa mzito. Hizo ni dalili za kiharusi, na kila saa inayopotea huongeza madhara.

Dalili za kundi la tatu zinastahili kutiliwa mkazo katika ukanda huu wa migodi. Vumbi la mawe yenye silika, hasa katika kupasua na kusaga mawe ya dhahabu, hudhuru mapafu na kuongeza uwezekano wa kupata kifua kikuu. Kifua kikuu hakiishii mapafuni. Huweza kushambulia pingili za uti wa mgongo, zikalika na kuporomoka. Mgonjwa wa namna hiyo akikandwa au akinyooshwa mgongo kwa nguvu anaweza kupooza. Anachohitaji ni vipimo na dawa za kifua kikuu, ambazo nchini mwetu hutolewa bila malipo. Kwa hiyo mhudumu wa zahanati anayempokea mchimbaji mwenye maumivu ya mgongo amuulize pia kuhusu kikohozi, jasho la usiku, uzito na kazi alizowahi kufanya. Maswali hayo manne huchukua dakika moja na huweza kuokoa miguu ya mtu.

Mfupa uliovunjika na mtaalamu wa jadi

Katika jamii nyingi za Usukumani, mtu aliyevunjika mguu hupelekwa kwanza kwa mganga wa kuunga mifupa. Si busara kumdhihaki mgonjwa kwa uamuzi huo. Mganga yuko karibu, anaaminika na hukubali malipo ya polepole. Lakini ni wajibu wetu kueleza hatari iliyopo. Vijiti vikifungwa kwa kukazwa mno huzuia damu kupita, na kiungo huweza kuoza hata kikalazimika kukatwa. Vidole vikivimba, vikiwa baridi, vikibadilika rangi au vikifa ganzi, kifungo kilegezwe papo hapo na mgonjwa akimbizwe hospitalini. Kidonda kinachoonyesha mfupa hakifungwi kamwe nyumbani. Vivyo hivyo, kukanda kwa maji moto mahali palipovunjika, kabla ya picha ya eksirei kupigwa, huongeza uvimbe na huweza kuusogeza mfupa.

Mtaalamu wa fiziotherapia ni nani?

Watu wengi humwita "daktari wa viungo", jina ambalo huchanganya. Daktari bingwa wa mifupa hupasua na kuunganisha mifupa. Mtaalamu wa viungo bandia hutengeneza miguu ya bandia, viatu maalumu na vishikizo. Wengi wao wamesomea Moshi, katika chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981. Mtaalamu wa fiziotherapia hupima jinsi mwili unavyojongea, nguvu za misuli, mwendo na usawa, kisha huandaa mpango wa mazoezi na kumfundisha mgonjwa kuutekeleza. Mkandaji wa masaji anaweza kumpa mtu faraja, lakini hajafunzwa kutambua ugonjwa.

Nchini Tanzania, taaluma za afya shirikishi zinasimamiwa chini ya Sheria ya Udaktari, Udaktari wa Meno na Wataalamu wa Afya Shirikishi ya mwaka 2017, kupitia Baraza la Madaktari Tanganyika. Mgonjwa ana haki ya kumwuliza mtaalamu kama amesajiliwa na kama leseni yake iko hai. Mtaalamu wa kweli hachukizwi na swali hilo.

Kwa mkazi wa Maganzo, njia ya kawaida huanzia kwenye zahanati au kituo cha afya, huenda hospitali ya wilaya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Shinyanga iliyoko Mwawaza, na mwisho Bugando jijini Mwanza kwa matatizo makubwa. Kabla ya kusafiri, piga simu au muulize mhudumu wa zahanati: je, huduma ya fiziotherapia ipo huko niendako, siku zipi, na je, fomu ya rufaa inahitajika? Mwenye bima aulize pia kama mazoezi tiba yamo katika kitita chake, na ni mahudhurio mangapi yanayolipiwa. Wagonjwa wengi hurudishwa dirishani kwa kukosa karatasi moja tu.

Maswali ya kumwuliza mtaalamu

Baada ya hudhurio la kwanza, mgonjwa anapaswa kutoka akiwa na majibu ya maswali haya:

1. Unadhani tatizo langu ni nini, na umejuaje?
2. Lengo letu ni lipi? Lengo jema husemwa kwa maneno ya maisha: "kuchota maji bila kupumzika njiani", "kurudi kuendesha bodaboda".
3. Nifanye mazoezi gani nyumbani, mara ngapi, na maumivu ya kiasi gani ni ya kawaida?
4. Nitarudi mara ngapi, na gharama yote ni kiasi gani?
5. Nisipopata nafuu baada ya wiki 4 hadi 6, tutafanya nini?

Mjihadhari mtu anayeahidi kuponya kwa siku moja, anayetumia mashine pekee bila kukufundisha lolote, asiyekupima kabla ya kuanza, au anayedai fedha ya mahudhurio mengi kwa mkupuo. Mgonjwa wa kike akitaka ndugu yake awepo wakati wa kupimwa, au akiomba mtaalamu wa kike pale anapopatikana, ombi hilo liheshimiwe.

Hesabu ya nauli

Tuchukue mfano wa kubuni. Mama mwenye maumivu ya goti ameambiwa ahudhurie mazoezi mara 2 kwa wiki kwa wiki 6. Hizo ni safari 12, na kila safari ni nauli, chakula cha njiani na siku moja ya kazi iliyopotea. Haishangazi akiacha baada ya safari ya tatu. Kisha kwenye faili huandikwa kwamba hakufuata ushauri.

Mpango wa pili ni huu: afike hospitalini wiki ya kwanza apimwe na kufundishwa mazoezi manne tu, apigiwe simu kila wiki, arudi ana kwa ana wiki ya tatu na ya sita. Safari zimekuwa 3 badala ya 12. Je, mpango huo unaweza kumsaidia sawasawa? Kwa baadhi ya matatizo, ndiyo. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2024 uliwalinganisha watu wenye maumivu sugu ya goti waliohudumiwa na mtaalamu wa fiziotherapia kwa video na wale waliohudumiwa ana kwa ana, na matokeo ya huduma ya video hayakuwa duni. Kweli, mazingira ya Australia si ya Kishapu. Lakini somo lake linatufaa. Baada ya mgonjwa kupimwa vizuri, sehemu kubwa ya tiba ni mafunzo, ufuatiliaji na kutiana moyo, na mambo hayo husafiri vyema kwa simu.

Simu inaweza nini, na haiwezi nini?

Mkoa wa Shinyanga si mgeni wa jambo hili. Mpango wa m-mama, unaomwezesha mjamzito, mzazi au mtoto mchanga mwenye dharura kupatiwa usafiri kwa kupiga namba 115 bila malipo, ulijaribiwa Kanda ya Ziwa, Shinyanga ikiwamo, kabla ya kuzinduliwa kitaifa mwaka 2022. Wizara ya Afya nayo ina namba 199, ambayo mwananchi huweza kuipiga bila malipo kuuliza habari za afya. Tiba mtandao, basi, haihitaji daima simu janja na bando kubwa. Kitochi chenye chaji huweza kutosha kwa mazungumzo ya ufuatiliaji.

Simu hufaa kukumbushana mazoezi, kuuliza kama maumivu yamepungua, kuamua kama zoezi liongezwe au lipunguzwe, na kumwezesha tabibu wa zahanati kupata ushauri wa bingwa aliye mbali. Haifai kwa hudhurio la kwanza la mtu aliyeumia, kwa dalili za hatari zilizotajwa juu, kwa mtoto mchanga mwenye nyayo zilizopinda, ambaye huhitaji mikono ya mtaalamu na kubadilishiwa hogo kila wiki, wala kwa mgonjwa wa kiharusi ambaye bado hawezi kukaa bila kushikiliwa.

Mgonjwa anayesubiri miadi ya simu ajiandae hivi: atafute mahali tulivu na penye mtandao, aandike maswali yake matatu, aweke karibu dawa na karatasi zake, na ikiwa ni video, avae nguo inayoruhusu goti au bega kuonekana, huku ndugu akiishika simu. Mtu akikupigia akidai ni daktari na kukutaka utume fedha kwa namba binafsi, kata simu, kisha uulize hospitalini.

Faragha nayo ilindwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Picha ya mgonjwa haipaswi kurushwa katika kundi la WhatsApp la wafanyakazi, hata kwa nia njema ya kuomba ushauri, bila ridhaa yake.

Neno kwa wahudumu wa afya

Kazi kubwa iko mikononi mwa anayempokea mgonjwa kwanza. Barua ya rufaa itaje kazi ya mgonjwa, umbali wa kwake na simu ya ndugu wa karibu. Hospitali inayomrudisha nyumbani impe karatasi yenye michoro ya mazoezi na jina la atakayempigia. Zahanati ipate nakala, ili mhudumu wa huko aweze kumwona mgonjwa akifanya zoezi na kumsahihisha. Na kabla ya kuandika "rudi baada ya siku tatu", tumuulize mgonjwa swali moja: "Utaweza?" Akisema hawezi, tubadilishe mpango wakati bado ameketi mbele yetu. Akishaondoka bila mpango anaoumudu, huenda tusimwone tena mpaka goti limekakamaa.