Unaponunua darubini ndogo, nenda dukani na rula

VIJIJI vinavyozunguka Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, mkoani Tanga, vimezoea kutegemea iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga na vibarua vya mashamba ya chai. Tangu hifadhi hiyo ilipoanzishwa mwaka 1997 limeongezeka zao jingine lisilohitaji mbolea: wageni wanaokuja kutazama ndege. Wengine hutoka mbali ili kumwona chozi wa Amani, ndege mdogo kuliko kidole gumba cha mtu mzima ukiondoa mkia na mdomo, ambaye hupatikana katika misitu michache tu ya Tanzania na Kenya.

Kijana wa kijijini anayejua njia za msitu na sauti za ndege anayo tayari nusu ya kazi ya kuongoza wageni. Anachokosa mara nyingi ni darubini, na ni katika kuinunua ndipo fedha ya iliki ya msimu mzima inapoweza kupotea kwa asubuhi moja.

Yangu ilipotea. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mjini Tanga darubini ndogo ya kukunja, imeandikwa 30x60 kwa herufi kubwa. "Kaka, ukisimama na hii Raskazone unaiona Pemba," aliniambia muuzaji. Pemba sikuiona. Nilipopanda nayo Amani, hata ndege aliyekuwa mtini juu ya kichwa changu sikumwona vizuri. Niliona majani meusi tu. Niliporudi nyumbani nikachukua rula. Kioo cha mbele kilikuwa na upana wa milimita 22.

Namba mbili zinazoandikwa kwenye darubini zina maana yake. Ya kwanza ni idadi ya mara inazokuza kitu. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Darubini ya 8x25 inakuza mara 8 na kioo chake kina milimita 25. Kwa hiyo iliyoandikwa 60 lazima iwe na kioo cha milimita 60, yaani karibu upana wa mdomo wa kikombe kidogo cha chai. Chombo kama hicho hakiwezi kuingia katika mfuko wa shati. Ukiona namba kubwa kwenye kitu kidogo, ujue umeuziwa wino.

Ukigawa namba ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa mwanga unaoingia jichoni. Kwa 8x25 ni milimita 3 na kidogo. Kwa 10x25 ni 2.5, kwa 8x32 ni 4, kwa 8x42 ni zaidi ya 5. Mchana kweupe mboni ya jicho ina upana wa milimita 2 hadi 3, hivyo ndogo inatosha kabisa. Lakini alfajiri chini ya miti mirefu mboni hupanuka, na darubini inayotoa mwanga wa milimita 2.5 inakuacha gizani. Wageni wa ndege hutaka kutoka saa 12 asubuhi, si saa 6 mchana. Ndiyo maana anayeongoza watu Amani ningemshauri 8x32 kama anataka wepesi, au 8x42 kama shingo yake inavumilia uzito wa zaidi ya nusu kilo.

Mkulima anayelinda mahindi dhidi ya nyani, au mwenye ng'ombe anayetaka kujua kundi liko upande gani wa bonde, hana haja ya gharama hiyo. 8x25 ya kweli itamfaa. Asivutiwe na 10, kwani ukuzaji ukiongezeka na mtikisiko wa mkono unaongezeka, na eneo unaloliona kwa kawaida hupungua. Nahodha wa mashua ya Pangani au Kigombe anayetafuta ndege wanaojitupa majini penye samaki ana tatizo hilo mara mbili, kwa sababu anatikiswa na mkono na bahari. Mabaharia wengi hutumia 7x50, ambayo si ndogo hata kidogo. Akishindwa bei, achukue ya 7 au 8 isiyopitisha maji.

Dukani, shika darubini mbali na uso kama urefu wa mkono, uielekeze kwenye anga jeupe (kamwe si kwenye jua). Katika kila kioo cha nyuma utaona kiduara cha mwanga. Kiwe cha mviringo na cheupe. Kikiwa na pembe zilizokatwa, vioo vya ndani ni hafifu. Ukipima kiduara hicho kwa rula na kugawa upana wa kioo cha mbele kwa kipimo chake, unapata ukuzaji wa kweli. Yangu ile ya "30" ilikuwa na kiduara cha milimita 2.7 hivi, kwa hiyo ilikuza mara 8 tu. Kisha toka nje, tazama maandishi ya mbali kwa dakika mbili. Ukiona picha mbili, au macho yakivutana, iache. Iache pia yenye vioo vyekundu kama soda ya stroberi. Wekundu huo hupunguza mwanga na kubadili rangi za ndege. Anayevaa miwani aijaribu akiwa ameivaa.

Joto la Tanga lina unyevu, na unyevu huotesha kuvu ndani ya vioo. Uliza iliyozibwa kabisa na kujazwa naitrojeni. Ni ghali zaidi lakini hapa kwetu inarudisha fedha yake. Usiifungie kabatini ikiwa imelowa. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu vipya, usivitupe, viweke kwenye mfuko wake. Chumvi ya bahari ifute kwa kitambaa laini chenye maji baridi kidogo baada ya kupuliza mchanga, maana pindo la kanga kavu likisugua mchanga kwenye kioo, alama haitoki tena.

Na wewe mwenye duka, mteja wa Amani atarudi msimu ujao akiwa na rula.