Uamuzi wa Mchezaji na Matokeo Yake

Katika michezo ya kompyuta ya aina ya masimulizi, mchezaji huvaa nafsi ya mhusika na kutakiwa aamue: amwokoe nani, amwache nani. Wauzaji hudai kwamba kila uamuzi hubadili hadithi. Dai hilo lafaa kupimwa kwa hesabu ya vipeo.

Tuseme hadithi ina njia panda 10, kila moja yenye njia 2 zisizokutana tena. Miisho itakuwa 1,024. Njia panda zikiwa 20, miisho itafika 1,048,576, na kila mmoja wahitaji maandishi, picha na sauti za waigizaji. Gharama hiyo haibebeki. Kwa hiyo watunzi huyakutanisha tena matawi, mithili ya vijia vya shambani vinavyotokea barabara ile ile.

Shida huzidi katika nyongeza, yaani sehemu mpya iuzwayo baada ya mchezo wenyewe. Mtunzi wake hupokea wachezaji waliopita njia mbalimbali. Mfano ni The Witcher 3 wa mwaka 2015, uliotungwa Poland, na nyongeza yake ya 2016, Blood and Wine. Ndani ya nyongeza hiyo maamuzi yana uzito: uhai wa ndugu wawili wa kike hutegemea matendo ya mchezaji. Lakini maamuzi ya mchezo wa kwanza huonekana hasa katika jambo dogo, yaani ni nani atakayemtembelea shujaa nyumbani kwake mwishoni. Mgeni hubadilika, nchi haibadiliki.

Na tulinganishe na bao. Mwanafunzi wa Isongole, wilayani Ileje, hahitaji umeme ili aupate mfano huu, na ng'ambo ya mpaka, nchini Malawi, mchezo huitwa bawo. Bao la Kiswahili lina kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 6 katika nyumba, 2 na 2 katika mashimo mawili ya kuliani kwake, na 22 za akiba. Wakati wa kunamua, mchezaji aliyekula, akiishia katika nyumba yake, huchagua: alale, au asafiri. Akisafiri, kete za nyumba husambazwa zote, na heshima ya nyumba hairudi tena katika mchezo huo, hata shimo lile likijaa upya. Matokeo hayo hakuna aliyeyaandika mapema. Huzaliwa na kanuni, kete kwa kete, na yaweza kumwangusha mchezaji zamu nyingi baadaye.

Wapo watunzi wa kompyuta waliofuata njia hiyo. Dwarf Fortress, uliotolewa Marekani mara ya kwanza mwaka 2006, huiachia mashine ihesabu matokeo kwa kanuni. Hasara yake ni kwamba kanuni haijui kusimulia. Hadithi huenda ikakatika katikati bila fahari yoyote.

Darasani jambo hili hupimika. Mchezo uhifadhiwe kabla ya uamuzi, njia zote mbili zifuatwe, kisha yahesabiwe matukio yaliyopita kabla ya njia hizo kukutana tena. Katika bao, hali mbili za ubao ziandikwe shimo kwa shimo, zamu baada ya zamu, kuanzia pale mmoja alipolala na mwingine aliposafiri.